Tathmini: Salesforce Enterprise ukiitazama kutoka kiti cha msanifu mifumo

Anayeonyeshwa Salesforce, mfumo wa mtandaoni wa kusimamia wateja na mauzo, kwa mara ya kwanza huonyeshwa dashibodi. Grafu zinapanda, ofisa mauzo anabonyeza jina la mteja, na historia yake yote inatokea kwenye ukurasa mmoja. Hayo mfumo unayaweza, tena vizuri. Ambacho onyesho haligusi ni mwaka wa tatu: jedwali la malipo limefika rekodi milioni kadhaa, M-Pesa inaandika usiku na mchana, walioujenga mfumo wameshahama kazi, na toleo jipya linaingia wikiendi hii. Hapa tunaupima mfumo katika mwaka huo wa tatu, kutoka kiti cha msanifu mifumo, maana likiharibika ndiye atakayeulizwa.

Daraja tunalolipima ni Enterprise la Sales Cloud, bidhaa ya Salesforce ya mauzo. Bei yake ya orodha ilikuwa dola 150 kwa mtumiaji kwa mwezi hadi Agosti 2023, ikapandishwa kuwa 165, na imepanda tena baada ya hapo. Hata kwa 165, watumiaji 50 ni dola 99,000 kwa mwaka, kabla hujamlipa mtu hata mmoja wa kuujenga. Ili hesabu zisielee hewani, chukua kampuni ya kubuni inayouza sola kwa mkopo: wateja 300,000, wafanyakazi 50 wenye leseni, malipo 40,000 kwa siku kupitia Paybill. Mtindo huo wa biashara unajulikana vizuri Kenya na Tanzania, na huubana mfumo mahali penyewe.

Msanifu ndani ya mradi kama huo anafanya nini? Anaamua kitu gani kikae ndani ya Salesforce, kipi kibaki nje, na nani aruhusiwe kuandika wapi. Msimbo anaweza kuuandika mwingine. Skrini anaweza kuzipanga admini mzuri, na maadmini wazuri wapo. Maamuzi hayo matatu yakikosa mwenyewe, kila developa atajiamulia lake, na mwaka wa tatu utakuta majibu matano ya swali moja.

Nyumba ya kupanga

Salesforce ni nyumba ya kupanga: wapangaji wengi, kisima kimoja. Makampuni mengi yanatumia seva zilezile, kwa hiyo mwenye nyumba ameweka kipimo kwa kila ndoo. Kila muamala, yaani kitendo kimoja cha kuhifadhi pamoja na yote kinachoyaamsha, una haki ya maswali 100 kwa hifadhidata, rekodi 50,000 za kusoma, maagizo 150 ya kuandika, rekodi 10,000 za kuandikwa, sekunde 10 za prosesa na kumbukumbu ya MB 6. Kazi za nyuma, zile ambazo hakuna mtu anayezisubiri kwenye skrini, hupata maswali 200, sekunde 60 na MB 12. Ukivuka, muamala mzima unafutwa kana kwamba haukuwahi kuwepo. Vipimo hivyo havinunuliki kwa leseni ya ziada.

Tazama kosa lenyewe kwa karibu. Developa anaandika triga, yaani msimbo unaojiamsha rekodi inapohifadhiwa, kwenye jedwali la malipo: kwa kila rekodi, mtafute mteja, punguza deni lake. Anajaribu kwa rekodi moja, inakwenda. Kwa tano, inakwenda. Lakini triga hupokea rekodi kwa mafungu yanayofika 200. Siku fungu lililojaa linapoingia, kitanzi kinauliza swali kwa kila rekodi, na swali la 101 linagonga ukuta: Too many SOQL queries: 101 (SOQL ni lugha ya kuiuliza hifadhidata ya Salesforce). Zote 200 zinarudi nyuma, zikiwemo 100 za mwanzo ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Dawa yake ni ya darasani: kusanya kwanza namba zote za wateja kwenye seti, uliza mara moja, panga majibu kwa namba ya mteja, kisha pitia orodha na uandike mara moja mwishoni. Maswali 200 yanakuwa moja.

Kosa hilo mtu yeyote aliyepita mafunzo ya Apex, lugha ya msimbo ya Salesforce, analijua. Linaloua mifumo ya miaka mitatu ni jingine, na halionekani kwenye msimbo wa mtu mmoja. Malipo yanaingia. Triga inagusa akaunti ya mteja. Akaunti ina Flow, yaani mtiririko wa hatua zinazojiendesha bila msimbo, iliyojengwa na admini, inayobadilisha hadhi ya mkataba. Mkataba nao una kanuni ya zamani inayofungua tiketi kwa timu ya huduma. Tiketi ina triga yake. Kila kipande kilijaribiwa peke yake kikapita, lakini vyote vinachota ndoo ileile ya maswali 100 na sekunde 10. Siku moja admini anaongeza hatua moja ndogo kwenye Flow, na malipo yanaanza kudondoka saa mbili usiku, wakati wateja wengi wanalipa. Lawama itamwangukia admini, ingawa alichokifanya ni kuweka unyoya wa mwisho juu ya mzigo ambao hakuna aliyekuwa akiupima.

Kazi ya msanifu hapa ni ya kuchosha na haina sifa. Kwa kila jedwali kubwa anachora kwenye karatasi moja nini kinaamshwa na nini, kisha anaweka sheria: jedwali moja, triga moja, nayo isibebe mantiki bali iite madarasa kwa mpangilio unaojulikana. Mabadiliko ya safu za rekodi ileile yafanywe na Flow inayokimbia kabla ya kuhifadhi, ambayo haihitaji agizo jingine la kuandika. Kisichohitaji kukamilika sasa hivi kitupwe kwenye foleni, kwa Queueable au Platform Events, njia za Salesforce za kuifanya kazi baadaye, nje ya muamala. Halafu anafungua logi ya utatuzi ya muamala mmoja halisi na kusoma mistari ya mwisho, inapoandikwa maswali mangapi kati ya 100 yametumika. Ikisoma 35, mna nafasi. Ikisoma 80, kazi mpya kwenye jedwali hilo zisimame hadi mzigo upunguzwe. Kipimo hicho kichukuliwe kwa fungu la 200, maana kwa rekodi moja hakikuambii kitu.

Sharti la mfumo kwamba majaribio yapitie asilimia 75 ya msimbo wa Apex kabla ya kupandishwa linasaidia kidogo tu. Asilimia hiyo inafikika kwa majaribio yanayokimbiza mistari bila kuthibitisha chochote, na mengi ndivyo yalivyo. Ukikabidhiwa mfumo wa mtu mwingine, tafuta neno Assert, amri inayothibitisha kwamba jibu ni sahihi, kwenye madarasa ya majaribio. Ukilikosa, ile asilimia 75 ni pambo.

M-Pesa mlangoni

Muunganisho wa malipo ndio sehemu inayostahili muda mwingi kuliko nyingine, na kwa bahati mbaya ndiyo inayopewa muda mchache, kwa sababu jaribio la shilingi moja hupita siku ya kwanza.

Daraja, yaani API ya Safaricom (mlango ambao mifumo huzungumza kupitia kwake), hukutumia taarifa ya malipo kwenye anwani uliyoisajili. Mlango wa Salesforce unataka anayegonga awe na tokeni, yaani kibali cha kidijitali, na Daraja haiji na tokeni yako. Njia za kutokea ni mbili. Ya kwanza ni kufungua ukurasa wa umma ndani ya Salesforce na kuweka huduma ya Apex inayopokea kwa jina la mtumiaji mgeni. Ni rahisi, haina seva ya ziada, na ni mbaya: umefungua dirisha la umma kwenye hifadhi ya wateja wako, na siku mfumo uko kwenye matengenezo hakuna wa kupokea. Njia ya pili ni kuweka huduma ndogo katikati, nje ya Salesforce. Inapokea, inaandika kwenye jedwali lake, inajibu Daraja papo hapo, kisha inapeleka Salesforce kwa wakati wake. Chukua ya pili. Gharama ya seva ndogo na hifadhidata ya PostgreSQL ni ndogo sana mbele ya dola 99,000.

Sasa hesabu ya simu za API, yaani maombi ambayo mfumo mmoja huutumia mwingine. Enterprise hutoa simu 100,000 kwa saa 24, ukiongeza 1,000 kwa kila leseni. Watumiaji 50 ni 150,000. Huduma ya kati iliyoandikwa kivivu hupiga simu tatu kwa kila malipo: mtafute mteja, andika malipo, badilisha deni. Mara 40,000, ni simu 120,000. Zinabaki 30,000 za mfumo wa uhasibu, programu ya mafundi wa mitaani, SMS na kila kitu kingine, na mwisho wa mwezi hazitoshi. Ukipanga vizuri, simu moja hubeba rekodi hadi 200. Huduma ikitoa mzigo kila dakika, siku nzima ni simu 1,440 na ziada kidogo jioni, na mteja hajui kwamba malipo yake yalikaa dakika moja kwenye foleni.

Utafutaji wa mteja nao hauhitajiki. Weka namba ya mkataba kuwa External ID, yaani kitambulisho kinachotoka nje ya Salesforce, kwenye akaunti, na kwenye rekodi ya malipo mtaje mzazi, yaani akaunti ya mteja, kwa namba hiyo. Salesforce itamtafuta yenyewe. Namba ya muamala ya M-Pesa iwe External ID ya malipo, tena ya pekee, na tumia upsert (sasisha iliyopo, au ongeza kama haipo) badala ya insert (ongeza tu). Taarifa ileile inaweza kukufikia mara mbili, na huduma yako yenyewe itarudia kutuma mtandao ukikatika katikati. Bila namba ya pekee, mteja anapunguziwa deni mara mbili na utaligundua mwishoni mwa robo mwaka, hesabu za benki zinapokataa kulingana. Deni lenyewe lihesabiwe kutokana na rekodi za malipo. Anayeandika “deni ni deni kutoa mia” kila taarifa inapofika atavuna makosa hata namba zikiwa za pekee.

Usimtambue mteja kwa namba ya simu. Baba analipiwa na mwanawe aliye mjini, na fundi anamlipia mteja aliyempa pesa taslimu. Kinachotambulisha ni namba ya akaunti aliyoandika mlipaji, nayo huandikwa kwa kidole: nafasi katikati, herufi O badala ya sifuri, namba ya jirani. Daraja ina hatua ya uhakiki inayokuwezesha kukataa malipo kabla pesa haijapokelewa, ila haifanyi kazi mpaka uiombe iwashwe. Iombe. Hata ikiwashwa, jenga jedwali la malipo yasiyo na mwenyewe, na mpe mtu mmoja kazi ya kulisafisha kila asubuhi.

Upande wa kutoka una mtego wake. Ofisa anabonyeza kitufe mteja apelekewe ombi la kulipa kwenye simu, na msimbo unahifadhi rekodi ya ombi kwanza, kisha unapiga simu ya nje. Salesforce inakataa: You have uncommitted work pending. Ukishaandika kwenye hifadhidata, huruhusiwi kupiga simu ya nje ndani ya muamala uleule. Ama piga kwanza uandike baadaye, ama andika kisha iachie Queueable ipige. Simu ya nje husubiri sekunde 10 usipoiambia vinginevyo, na zote za muamala mmoja kwa pamoja haziwezi kupita sekunde 120.

Jingine dogo lenye hasara kubwa: Daraja inapojibu ombi hilo kwa ResponseCode 0, maana yake ombi limepokelewa tu. Mteja hajalipa, huenda hata hajaishika simu. Matokeo yanakuja baadaye kwenye anwani ya majibu, na hapo ResultCode 0 ndiyo malipo, wakati 1032 ni mteja aliyeghairi. Mifumo inayoweka alama ya “amelipa” kwenye jibu la kwanza huwasha taa za bure.

Mteja anayeitwa Wasiojulikana

Malipo yasiyo na mwenyewe lazima yakae mahali, na wazo la kwanza la karibu kila mtu ni kutengeneza akaunti moja iitwayo Wasiojulikana na kuyaning'iniza yote hapo. Miezi michache inapita bila neno. Kisha inaanza UNABLE_TO_LOCK_ROW. Rekodi ya mtoto ikiandikwa, mzazi wake hufungwa kwa kitambo. Mafungu mawili yakimtaka mzazi yuleyule, moja husubiri hadi sekunde 10 kisha hukata tamaa. Salesforce wenyewe wanashauri mzazi mmoja asizidi watoto 10,000. Mwachie mzazi nafasi tupu, au wagawe kwa mwezi na eneo. Na huduma ya kati ipange rekodi kwa mzazi kabla ya kuzifungasha, ili wa mzazi mmoja waingie kwenye fungu moja.

Jedwali la rekodi milioni kadhaa linaleta swali la nafasi. Enterprise ina GB 10 za data, na MB 20 kwa kila mtumiaji. Kwa watu 50 ni GB 11. Rekodi nyingi huhesabiwa KB 2 kila moja, hata ikiwa na neno moja tu ndani. Hiyo ni kama rekodi milioni 5.5 kwa jumla. Malipo 40,000 kwa siku yanaijaza nafasi yote ndani ya siku 137 kama ungekuwa huna kingine, na wateja 300,000 wakihifadhiwa kama akaunti za watu binafsi, ambazo ni KB 4 kila moja, wanachukua GB 1.2 kabla ya malipo ya kwanza. Nafasi ya ziada inauzwa, kwa bei ambayo itakufanya uiangalie PostgreSQL kwa jicho la upendo.

Uamuzi wenye akili ni huu: kila malipo yabaki kwenye hifadhidata ya nje, nayo ndiyo kumbukumbu rasmi. Salesforce ipate malipo ya siku 60 za karibuni, ambayo ni rekodi milioni 2.4 au GB 4.8, pamoja na jumla ya deni. Ofisa wa huduma kwa wateja hahitaji zaidi ya hapo. Akihitaji, afungue kiungo kinacholeta historia ya nje kwenye ukurasa uleule. Uamuzi huu ukifanywa mwezi wa kwanza unachukua mchana mmoja. Ukifanywa mwaka wa tatu, unabeba kuhamisha mamilioni ya rekodi na kurekebisha kila ripoti iliyozitegemea.

Sandboksi na siku ya kupandisha

Sandboksi, yaani nakala za mfumo za kujaribia, ziko aina nne. Developer ina MB 200 na Developer Pro GB 1, na zote mbili zinaweza kufanywa upya kila siku. Partial Copy hubeba GB 5 za data ya mfano na hufanywa upya kila siku 5. Full ni nakala kamili ya mfumo halisi, kila siku 29, na kwa Enterprise hununuliwa kando. Wakuu wa fedha hupenda kuikata Full kwenye bajeti. Ikikatwa, tatizo la watoto 10,000 na la mafungu 200 utaliona kwa mara ya kwanza mbele ya wateja.

Nakala hiyo inakuja na hatari ambayo wengi huijua baada ya ajali. Sandboksi ikifanywa upya, barua pepe za watumiaji wa ndani huongezewa .invalid mwishoni. Za wateja, zilizo kwenye rekodi zao, zinabaki kama zilivyo. Mfumo huanza ukiwa umefungiwa barua za nje, lakini developa akitaka kujaribu barua ya ukumbusho huufungua, na wateja halisi wanaandikiwa kuhusu madeni ya majaribio. Anwani za Daraja na za SMS zilizohifadhiwa kwenye mipangilio nazo zinakuja zikielekea kwenye mfumo halisi. Andika darasa la Apex linalotekeleza SandboxPostCopy na ulitaje unapoagiza nakala. Litakimbia lenyewe nakala ikikamilika: livuruge barua pepe na namba za simu, libadilishe anwani zote ziwe za majaribio, lizime kazi za ratiba. Kumwachia admini akumbuke kwa mkono haifai hata mara moja.

Kupandisha mabadiliko kwa mkono kutoka sandboksi, kwa change set (kifurushi cha mabadiliko), kunatosha timu ya watu wawili. Zaidi ya hapo metadata, yaani msimbo na mipangilio ya mfumo, ikae kwenye Git, ghala linalotunza historia ya kila badiliko, na kila kinachopanda kipitie hapo. Hakiki mzigo Alhamisi kwa kukimbiza majaribio yote bila kuupandisha. Uhakiki uliopita unabaki halali kwa siku 10, hivyo Jumamosi alfajiri unabonyeza mara moja na majaribio hayarudiwi. Ni moja ya sehemu ambazo Salesforce wamezifanya vizuri, na timu nyingi hazijui kwamba ipo.

Mfumo usiotulia

Matoleo mapya ni matatu kwa mwaka: Spring, Summer na Winter. Huwezi kuyakataa. Yanakuingilia wikiendi, bure, bila kuzima mfumo kwa muda wa maana, na hapa sifa zinastahili: kusasisha mfumo mkubwa wa kampuni mara tatu kwa mwaka bila mradi wa kusasisha ni jambo ambalo watu wa mifumo ya zamani ya ofisini hawalizoei. Sandboksi za mapema hupata toleo wiki kadhaa kabla. Msanifu anahakikisha moja ya sandboksi zake iko kwenye kundi hilo, anakimbiza majaribio yote siku toleo linapofika, na anasoma ukurasa wa Release Updates wenye tarehe za mambo yatakayolazimishwa.

Vya zamani navyo vinazikwa. Workflow Rules na Process Builder, zana za kazi zinazojiendesha zilizotangulia Flow, ziliondolewa kwenye msaada rasmi tarehe 31 Desemba 2025. Hazikuzimika siku hiyo, na ndiyo sababu wengi bado wanazo. Kuna zana ya kuzigeuza kuwa Flow moja baada ya nyingine, na kuitumia hivyo ni kuhamisha takataka kwenye nyumba mpya. Zikusanye zote za jedwali moja, uliza kila moja inamtumikia nani leo, futa zisizo na mwenyewe, zilizobaki zijenge upya pamoja. Matoleo ya zamani ya API nayo hayasamehewi: 21.0 hadi 30.0 yalifungwa Summer '25, na chochote cha zamani kilichokuwa kikisukuma data kimyakimya kwa matoleo hayo kilipoteza mlango.

Kuna mambo mawili madogo yanayotesa kuliko ukubwa wake. Flow ikishindwa, barua ya kosa humwendea mtu wa mwisho aliyeihariri, mpaka mtu abadilishe mpangilio. Kama huyo alishaondoka, makosa yanakwenda kaburini. Na muunganisho unaoingia kwa akaunti ya mfanyakazi hufa siku akaunti yake inapofungwa. Enterprise hutoa leseni 5 za kuunganisha mifumo, zisizoingia kwenye skrini, bila malipo. Kila muunganisho upate yake, yenye ruhusa za majedwali yake tu.

Ruhusa hizo zina uzito. Agosti 2025 tokeni zilizoibwa za Drift, programu ya Salesloft, zilitumika kuchota data kwenye hifadhi za Salesforce za makampuni mengi, na wezi wakapekua maandishi ya tiketi wakitafuta nywila na funguo. Salesforce yenyewe haikuvunjwa. Mlango ulifunguliwa kwa ufunguo ambao wateja walimpa mtu wa tatu. Orodha ya programu zilizounganishwa ipitiwe kila robo mwaka, na isiyo na mwenye kuijibia ikatwe siku hiyohiyo. Sheria nazo zinauliza: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023, na zote zina masharti ya taarifa zinazovuka mpaka. Picha za vitambulisho vya wateja hazina lazima ya kukaa humu.

Inunuliwe au iachwe?

Kampuni yenye wauzaji 8 na mauzo ya kawaida iachane na Enterprise. Atakayefaidika ni wakala anayeiuza. Kampuni yenye wateja wengi, timu ya huduma kwa simu na mauzo ya ngazi nyingi itapata mfumo imara, wenye ruhusa za kina na ripoti ambazo meneja anaweza kujitengenezea mwenyewe. Lakini bajeti ianze na mshahara wa msanifu, leseni zifuate. Pesa ikipungua, punguza leseni 10 za mwaka wa kwanza umbakize huyo mtu. Leseni 10 kwa bei ya 165 ni dola 19,800, na zitanunulika tena mwakani. Maamuzi ya miezi mitatu ya mwanzo hayanunuliki.

Vyeti havitoshi kumpima. Kile cha juu kabisa, Certified Technical Architect, mtahiniwa hupewa kisa kirefu, huchora suluhisho na kulitetea mbele ya majaji, na walio nacho ni wachache na ghali. Wa chini yake wana vyeti vingi vya maswali ya kuchagua jibu. Ukimhoji mmoja, mwekee karatasi na kalamu, umuulize: malipo 200 yanaingia kwa simu moja, moja kati yake ina namba ya mkataba isiyokuwepo, nini kinatokea kwa yale 199?

Akijibu “inategemea,” mwache aendelee. Kwa agizo la kawaida la insert ndani ya Apex, yote 200 yanaanguka. Kwa Database.insert yenye false, au kwa simu ya API ambayo allOrNone (yote au hakuna) yake ni false, 199 yanapita na moja linarudi na kosa lake. Kisha msikilize kama atauliza, bila kusukumwa, hilo moja litaandikwa wapi na nani atalifuata asubuhi.